Kanzu Sita za Mheshimiwa

Nduku na Achieng, wanangu, mlinipigia simu juzi mkiwa mmejibanza nyuma ya kibanda, mkinong'ona utadhani mmeiba kuku wa watu. Mlisema kuna bwana amekuja na picha za kanzu za makanisa manne kwenye simu yake, anataka zote zishonwe kwa mwili mmoja, na amewaomba msimwambie mtu. "Shosho, tushone ama tukatae?" Nilicheka mpaka jirani yangu huku kijijini akaja kuuliza kama niko salama. Kumbe uchaguzi umekaribia. Mimi sijawahi kuhitaji redio iniambie. Miaka yote niliyokaa pale sokoni, kalenda yangu ya siasa ilikuwa kitambaa cheupe.

Jibu lenu lipo, ila sitalitoa hapa mwanzoni, maana mtalisoma halafu mrudi kwenye simu zenu. Kaeni kwanza. Achieng, toa mguu kwenye pedali, najua bado umeukanyaga.

Mimi sikuzaliwa fundi wa kanzu. Nilianzia Industrial Area, kwenye kiwanda cha ovaroli, enzi zile tukipanga foleni langoni asubuhi, msimamizi akichagua wa siku hiyo kwa kidole. Nikichaguliwa nilishona mfuko wa kushoto. Mfuko wa kushoto peke yake, mwaka mzima. Ungenipa wa kulia ningepotea njia. Jumapili nilivaa kanzu yangu nyeupe na kwenda kanisani kwetu, Mukuru kwa Reuben, na siku moja pindo la kanzu hiyo likafumuka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja katika soko lile dogo nyuma ya nyumba za Jericho.

Fundi huyo ndiye Mzee Kyalo, ambaye picha yake mmeiacha ukutani, na nawashukuru kwa hilo. Mkamba mwembamba, sikio moja halisikii. Kwao wote walikuwa wachonga vinyago, naye akijisifu kwamba anachonga nguo. Niliporudi kuchukua kanzu nikamwambia pindo lake limepinda. Hakukasirika. Alisimama, akakisogeza kiti chake, akasema, "Haya mama, kaa unyooshe." Nikakaa. Nilikuja kuinuka kwenye kiti kile juzi tu, nilipowaachia ninyi.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kanzu za kwaya, ishirini na nne, tetroni nyeupe, mikono mirefu. Nilizishona nikajiona bingwa. Jumapili nikaenda kuzitazama zikiimba. Wimbo ukafika pale pa kuinua mikono, kwaya nzima ikainua kwa pamoja, na nikasikia sauti ambayo sijaisahau hadi leo: makwapa arobaini na nane yakipasuka kwa wakati mmoja. Mchungaji akadhani ni Roho ameshuka. Nilikuwa nimewapima wote mikono ikiwa chini, kama watu wanaosubiri basi.

Jumatatu nilimwendea Mzee Kyalo nikilia. Alicheka kwanza, akamaliza kucheka, ndipo akanifundisha jambo ambalo nawarithisha. Alisema, "Nguo ya kanisa haipimwi mtu alivyo. Inapimwa anavyoabudu." Mwanakwaya mpime akiwa ameinua mikono. Mpiga ngoma mpime akiwa amekaa, magoti mbali mbali. Na muumini wa kawaida, mwenye kanzu ya kufika chini, mwambie apige magoti pale pale mbele yako, kwa sababu mtu akipiga magoti hukanyaga pindo lake mwenyewe, kanzu ikamvuta shingoni kama mbuzi wa kamba. Kwa hiyo unamwachia rinda moja lililofichwa kila upande. Mzee aliliita rinda la magoti. Ukimtazama mtu amesimama hulioni. Linafunguka akishuka.

Siku hizi mnapima watu kwa simu. Mtu yuko Kayole, anajipima na kamba ya kiatu, anawatumia namba, mnakata. Sisemi ni vibaya. Mashine yenu ya kutarizi msalaba kwa dakika tatu naionea wivu mpaka leo. Mimi msalaba mmoja ulinila mchana mzima. Lakini simu haipigi magoti.

Sasa niwaeleze kuhusu mtaro wa Mukuru, maana ninyi mmeukuta nusu umefunikwa na hamjui ulivyotutenganisha. Kanisa letu lilikuwa moja, kanzu nyeupe, msalaba kifuani, mkanda wa buluu. Kulikuwa na ngoma kubwa. Siku moja wazee wakagombana kuhusu ngoma hiyo, wengine wakitaka ipigwe wakati wa maombi, wengine wakisema wakati wa maombi Mungu anataka kimya. Waliotaka ngoma wakaondoka. Na hawakuondoka mikono mitupu. Mama mmoja muuza mboga, Dorika, mwanamke mfupi, aliibeba ngoma ile kichwani mvua ikinyesha, akavuka mtaro nayo juu ya ubao mmoja, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumgusa. Wakaanzisha kanisa lao ng'ambo, wakabadilisha mkanda na msalaba kuwa kijani. Dorika mwenyewe baadaye alirudi kwao magharibi, lakini kisa chake kilibaki. Kwetu kilisimuliwa kama wizi, ng'ambo kilisimuliwa kama ushujaa. Kila Jumapili sisi tuliimba upande huu, wao wakapiga ngoma upande ule, kila mmoja akijaribu kumzima mwenzake. Hatukusalimiana. Hata kwenye mazishi tulikaa mbali mbali.

Kanzu za pande zote mbili nilishona mimi. Tetroni haijui mtaro.

Na hapo ndipo wanasiasa wanapoingia. Kila baada ya miaka kadhaa ulifika msimu ambao sisi wa mtaani tuliuita msimu wa magoti. Mtu ambaye hujamwona tangu aahidi taa za barabarani anatokea kanisani, Biblia mkononi, anaomba kuvishwa kanzu, anapigwa picha. Msidhani watu walidanganyika. Eastlands watu wana macho. Waliitikia "amina" kwa sauti, wakapokea salamu, na wakirudi nyumbani wakacheka wakila ugali. Kanisani kwetu mlangoni alikaa Mama Rispa, mzee wetu wa kupokea wageni. Kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hivyo Mama Rispa hakuhitaji kuuliza mtu maswali. Aliangalia soksi. "Mcha Mungu wa kila Jumapili soksi yake ina tundu la kidole gumba," aliniambia. "Ukiona soksi mpya, bado ina kile kikaratasi cha dukani, huyo kaja kuomba kura." Sijawahi kumwona akikosea.

Basi msimu mmoja wa magoti akaja huyu wa kwangu. Alikuwa anawania kiti cha wadi. Hakuwa ameshinda chochote bado, lakini kila mtu alimwita Mheshimiwa, na yeye akaitika. Alifuatana na msaidizi wake, bwana wa miwani, tuliyemwita Katibu ingawa sijui alikuwa katibu wa nini. Wakasimama ndani ya kibanda changu mchana kweupe, wakakijaza chote, na Mheshimiwa akasema anataka kanzu sita.

"Za familia?" nikauliza.

"Zangu, mama."

Makanisa sita, mikanda sita: buluu, kijani, nyekundu, zambarau, manjano na nyeusi. Kitambi kimoja. Katibu akaongeza, taratibu, kwamba hili libaki kati yetu.

Nilijua. Sitawadanganya kwamba sikujua. Mtu hawezi kuwa muumini wa zamani wa makanisa sita, hata Jumapili hazitoshi. Lakini wanangu, niwaambie ukweli wa moyo wangu siku ile: nilijisikia fahari. Mtu mkubwa amekuja kwenye kibanda changu, majirani wanachungulia. Na kulikuwa na jambo lingine lililonifunga mdomo. Soko lilikuwa linajengwa upya, majina ya wenye vibanda yalikuwa yanaandikwa upya, na Katibu alikuwa na sauti kwa wale waliokuwa wakiandika. Mume wangu alishafariki. Kibanda kile kilikuwa kimenilelea watoto wanne, na wa mwisho, Nafula wangu, bado alikuwa shule. Nikiukosa mstari mmoja kwenye karatasi ile, ningerudi foleni ya langoni kushona mfuko wa kushoto.

Nikachukua tepu. Nikamwambia, kama ninavyowaambia wote, "Mheshimiwa, piga magoti kidogo nikupime."

Akatazama sakafu ya simenti. Akatazama suruali yake. "Mama, mimi nitakuwa nimesimama. Nitakuwa nahutubia."

"Na wakati wa maombi?"

"Pima tu." Kisha akainama sikioni kwangu, akanong'ona kama mtoto anayeomba sukari, "Na hapa kiunoni ubane bane, kwenye picha natoka mnene."

Nikambana. Sikuweka rinda la magoti. Mzee Kyalo alikuwa amesharudi Machakos, macho yamegoma, na ni afadhali, maana angenipokonya mkasi.

Sasa kosa langu. Siku zote nilipomaliza kazi niliikunja, nikaifunga kwenye gazeti, nikaandika jina la mwenyewe juu. Njia hiyo haikuwahi kuniangusha hata mara moja, kwa sababu kila kanzu ina mwili wake. Hata ukisahau kuandika, ukiishika tu unajua hii ni ya mchungaji mnene wa Jogoo Road, hii ni ya katekista mwembamba. Zile sita zilikuwa mwili mmoja. Ukiikunja kanzu, msalaba na mkanda vinaingia ndani, inabaki nyeupe tupu. Nami nikakaa, kwa utaratibu kabisa, nikafunga vifurushi sita vya ukubwa mmoja na juu ya kila kimoja nikaandika: Mheshimiwa. Mheshimiwa. Mheshimiwa. Nikapendezwa na mwandiko wangu.

Jumamosi dereva alikuja kuchukua ya kesho yake, ya kanisa letu. Akachukua kifurushi kilichoandikwa Mheshimiwa.

Jumapili tulijaa. Mheshimiwa akafika, akavua viatu, soksi mpya, Mama Rispa akanikonyeza. Akaingia chumba cha wazee kuvaa. Katika haraka za kupangwa kwa picha hakuna aliyemtazama vizuri, na yeye mwenyewe, nilidhani, hakujua buluu yetu na kijani cha ng'ambo vina tofauti gani. Akatoka, akapanda mbele, akafungua mikono.

Msalaba wa kijani. Mkanda wa kijani. Ndani ya kanisa la buluu.

Kanisa lote lilinyamaza, na kwa kuwa tulinyamaza, tukaisikia vizuri ngoma ya ng'ambo ikipigwa. Yeye akadhani kimya kile ni heshima. Akaanza. "Wapendwa, nimerudi nyumbani. Vazi hili ndilo mama yangu alilonilelea. Nilibebwa mgongoni ndani ya vazi hili."

Mama Rispa akasimama kule mlangoni. Hakuwa na haraka yoyote. "Mwanangu," akasema, "kwani mama yako alikuwa wa upande wa ngoma?"

Mheshimiwa akautazama mkanda wake. Akatazama mikanda yetu. Niliona shingo yake ikilowa. Akaushika ule mkanda wa kijani kwa vidole, jambo ambalo wakati ule sikulielewa, kisha akasema, "Hapana, hapana, mama. Mama yangu alikuwa wa hapa hapa, wa buluu. Hili ni kosa la fundi."

Wote wakanigeukia. Mwimbishaji, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo ili watu wapumue, na katikati ya wimbo ule Katibu akaja akachuchumaa kando yangu. Alinukia marashi. "Mama Nafula," akasema, "utasimama useme wazee wa kanisa ndio walioagiza kanzu moja kama zawadi, wewe ukachanganya rangi. Moja. Umeelewa? Orodha ya soko inapigwa chapa kesho, na nisingependa jina lako lisahaulike."

Wimbo ulikuwa na beti nne. Nilifikiria ada ya Nafula kwenye ubeti wa pili. Ubeti wa tatu nilishaamua kusema alivyotaka. Nani angeumia? Nilikuwa kweli nimechanganya rangi. Nilikuwa naongeza uongo mdogo wa namba tu.

Lakini kwetu, anayetoa ushuhuda hasimami moja kwa moja. Anakwenda mbele, anapiga magoti kwanza, ndipo anafungua mdomo. Nikaenda. Nikashuka. Kanzu yangu mimi ilikuwa na rinda, nikalisikia likifunguka pande zote mbili kama Mzee Kyalo alivyonifundisha, na nikiwa pale chini yale maneno ya Katibu yakakataa kutoka. Nilijaribu. Yalikwama.

Nikasema, "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nimekosea kufunga. Kushona sikukosea. Niliambiwa sita na nikashona sita."

"Sita nini?" mtu akauliza nyuma.

"Kanzu. Za Mheshimiwa. Buluu ipo, msiwe na wasiwasi, iko kibandani. Na nyekundu, na zambarau, na manjano, na nyeusi."

Kicheko hakikuanza kwa ghafla. Kilianzia kwa kina mama wa mkono wa kushoto, kikapita kwaya, kikafika kwa wazee ambao walijifanya wanakohoa. Mheshimiwa aliinua mkono. Na hapa nampa haki yake, alikuwa mwepesi. Alisema kwa sauti ya mahubiri, "Wapendwa, shetani anataka kutugawanya. Tupige magoti tuombe."

Tukapiga magoti. Kanisa zima, wanaume, wanawake, watoto, wote chini. Yeye akaanza kushuka. Akafika katikati, uzi ukalia, trrr, akasimama tena. Akajaribu goti moja. Uzi ukalia upande wa pili. Akabaki pale mbele, wima, peke yake, katika kanzu niliyombana kwa ombi lake mwenyewe, amefumba macho, na sisi wote chini tukimtazama kupitia vidole.

Aliyemwokoa ni Mama Rispa. Aliinuka, akaburuta kiti cha mbao kutoka mlangoni mpaka mbele, akakiweka nyuma yake na kumgusa bega. "Kaa, baba," akasema. "Mungu humsikia hata aliyekaa." Na akaomba Mama Rispa mwenyewe, ombi fupi, la mvua na la wagonjwa, wala hakumtaja mtu.

Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye lango la soko. Niliisoma kutoka juu hadi chini, nikairudia kutoka chini hadi juu. Jina langu halikuwepo. Nikarudi kibandani, nikafunika cherehani kwa kitambaa, nikakaa nikalia kilio ambacho sikulia hata kwa yale makwapa. Nilikuwa na hasira pia, tena hasira na mimi mwenyewe. Ningekataa kazi ile tangu mwanzo, nisingekuwa na la kushuhudia.

Saa nne hivi nikasikia kelele langoni. Kina mama wa kanisa letu walikuwa wamekuja, na kanzu zao wamevaa, siku ya kazi. Mbele yao Mama Rispa. Nikafurahi, lakini nikajua hawatoshi. Kisha nikasikia ngoma.

Wale wa ng'ambo. Walikuwa wamepata habari, nani Mukuru asipate habari, na wamekuja na ile ngoma yenyewe, mikanda ya kijani, wakapita katikati ya mboga na mitumba. Kikundi kikafika kwa kingine wakasimama wakitazamana. Tangu Dorika avuke mtaro hawakuwahi kusimama karibu hivyo. Mwishowe mama mmoja wa kijani akamwambia Mama Rispa, "Sisi tumekuja kwa sababu ya fundi. Hatujaja kwa sababu yenu." Mama Rispa akajibu, "Hata sisi." Wakaingia ofisini pamoja.

Karani wa soko alikuwa kijana mpole asiyependa kelele. Aliuliza, "Ninyi ni kanisa gani?" na wote wakaanza kumweleza kwa wakati mmoja, na ngoma ikilia juu ya sauti zao. Hakuchukua hata robo saa. Akaandika jina langu kwa kalamu chini ya orodha, mahali ambapo hapakuwa na mstari. Nilipewa kile kibanda cha pembeni karibu na choo, ambacho ndicho ninyi mnakilalamikia harufu. Kila mkilalamika kumbukeni kilipatikana kwa ngoma.

Mtu akisikia kisa hiki huuliza kama Mheshimiwa alishindwa. Hakushindwa, alipita. Msininunie. Nilimuuliza Mama Rispa alimpigia nani kura, akasema alimpigia huyo huyo. "Nilipiga kura ya mtaro," akasema. "Ameahidi kuufunika. Mambo ya magoti nitamwachia Mungu." Na aliufunika, ule nusu mnaouona. Lakini hakuvaa kanzu tena. Alikuja kwetu na suti, akakaa nyuma, akasalimia, akaondoka. Kanzu tano zilizobaki nilizikata, kila moja ikatoa mbili za watoto wa Sunday School. Ile ya kijani aliondoka nayo garini, sikujua ilipotelea wapi.

Sasa jibu lenu. Shoneni. Kazi ni kazi, na si kazi yenu kuingia moyoni mwa mtu na tochi. Ila fagieni sakafu vizuri, mkunje gunia safi mliweke chini, na mwambieni huyo bwana amlete mwenyewe atakayezivaa, apige magoti apimwe. Namba za kutumwa kwa simu msipokee. Akikataa, mrudishieni kitambaa chake bila maneno mengi. Na juu ya kifurushi andikeni rangi.

Mnaweza kuniuliza, je, na anayekubali kupiga magoti, huyo ndiye mkweli? Sijui. Wengine hupiga magoti vizuri sana. Lakini kuna jambo moja sijawahi kuwasimulia, nalo ndilo linalonifanya nisimcheke yule mtu kama nilivyokuwa nikimcheka.

Ilikuwa mwaka ule wa mwisho wangu pale kibandani, ninyi mmekwenda kununua uzi. Alikuja peke yake. Hakuna Katibu, hakuna dereva. Amezeeka kidogo. Ameshika mfuko wa plastiki, akauweka mezani, na ndani kulikuwa na ile kanzu ya kijani, imefuliwa, imekunjwa vizuri, nyuzi za pembeni bado zimekatika vile vile.

"Nimefiwa na mama," akasema. "Tunamzika Jumamosi. Ameacha neno kwamba watoto wake wavae kanzu."

Nikampa pole. Nikamuuliza, kwa upole, kanzu ya rangi gani, maana yeye na rangi nilimjua.

"Hiyo hiyo," akasema. "Mama yangu ni Dorika."

Nilikaa chini, wanangu. Dorika wa ngoma. Katika zile sita, moja ilikuwa ya kweli, na ndiyo hasa aliyokuwa amevaa. Mgongo aliobebwa juu yake ndio uliovuka ule ubao. Na Mama Rispa alipomuuliza swali, mbele ya watu wote, alisema hapana.

"Mama aliikuta kanzu hii kabatini kwangu," akaendelea, hanitazami. "Akauliza kama nimerudi upande wa ngoma. Nikamwambia ndiyo. Alifurahi sana." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mama, unaweza kuifungua pale pembeni? Pale ulipotaka kuacha nafasi?"

Nikachukua mkasi nifumue, nikachukua tepu. Nilikuwa bado nageuka nimtafutie gunia la kuweka chini, na nilipogeuka alikuwa ameshapiga magoti kwenye simenti, suruali nzuri na vumbi lote, mikono pembeni, akisubiri kupimwa.

Nikampima. Nikamwambia kiuno kimeongezeka inchi tatu, na safari hii sibani. Akacheka akilia, akasema nisibane.